UPIMAJI WA USALAMA WA MITANDAO YA KOMPYUTA KATIKA OFISI ZA UMMA
Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wakazi wa Nansio



Kompyuta huelewana kwa kufuata itifaki, yaani kanuni za mawasiliano zilizokubaliwa. Kila huduma, iwe ya barua pepe au ya kuhifadhi majalada, husubiri wito kwenye mlango wake wenye namba. Mlango uliosahauliwa wazi humpitisha mwenyeji na mwizi pia.

Kupima usalama ni kuuliza mambo matatu. Kwanza, milango ipi i wazi bila kuhitajika? Pili, je, neno la siri husafiri likiwa limefichwa? Itifaki kongwe za Telnet na FTP hulipeleka wazi, na aliye njiani aweza kulisoma. Ndiyo sababu Tatu Ylönen wa Finland alibuni SSH mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo chake. Tatu, je, huduma hustahimili ujumbe wenye kasoro? Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, nchini humo humo, walidhihirisha kwa njia hiyo udhaifu wa vifaa vya watengenezaji wengi vilivyotumia itifaki ya SNMP, ya kusimamia mitambo ya mtandao.

Kutopima kuna gharama. Marekebisho ya udhaifu wa huduma ya kugawana majalada katika Windows yalitolewa Machi 2017. Tarehe 12 Mei mwaka huo, WannaCry ilipitia udhaifu huo, ikafunga kompyuta zisizorekebishwa, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kisiwani, kumbukumbu za wagonjwa au za malipo zikifungwa hivyo, huenda fundi akalazimika kuvuka ziwa kutoka Mwanza, na mwananchi husubiri.

Hata hivyo, nia njema si kibali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo idhini. Hivyo basi, upimaji utanguliwe na kibali cha maandishi cha mkuu wa taasisi, kinachotaja mifumo itakayopimwa, siku na saa, na nakala za akiba zihifadhiwe kwanza mahali pengine. Matokeo yawe siri ya ofisi hadi kasoro zirekebishwe. Kisha upimaji urudiwe.

Aidha, mtumishi asimwazime mwenzake neno la siri. Mwananchi anayeona kasoro katika huduma ya Serikali aipelekee taasisi husika taarifa, asiijaribu mwenyewe.