Maegesho Katika Miji Midogo: Tupange Nafasi Kwanza, Tozo Zifuate



Nimeombwa kuzungumzia kero ya maegesho katika miji yetu midogo. Hoja yangu ni kwamba nafasi tunazo, ila zimeshikwa na watu wachache kutwa nzima, na usimamizi wetu unamwadhibu asiyehusika.

1. Hali ilivyo

Miji mingi ya aina hii imezaliwa na barabara. Makambako, mkoani Njombe, imekaa pale barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inapokutana na ile ya Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita. Mji kama huo unapokea malori na mabasi yanayopita, watu wa vijijini wanaofuata soko, na magari ya wenyeji. Wote wanagombea mita zilezile za mbele ya soko, benki na stendi.

Angalieni mtaa wowote wa soko saa moja asubuhi. Wa kwanza kuegesha ni wenye maduka, kila mmoja mbele ya mlango wake. Ambaye hajafika ameshaacha jiwe, kreti la soda au tairi kuukuu kumshikia nafasi. Ikifika saa nne, mkulima anaingia na pikapu ya viazi, hapati pa kusimama. Anasimama katikati ya njia, anawasha taa za tahadhari na kusema, "Nashusha mara moja tu." Nyuma yake bajaji na guta zimeshakwama. Trafiki akitokea, mkulima anaandikiwa faini ya shilingi 30,000. Aliyeegesha tangu alfajiri haguswi, kwa kuwa hakuna kanuni aliyoivunja.

Tupige hesabu. Nafasi iliyoshikwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni imehudumia gari moja. Nafasi hiyohiyo ikiwekewa ukomo wa saa moja, inaweza kuhudumia magari 12. Mtaa wenye nafasi 20 unapokea magari 20 au 240, kutegemea tulivyoamua. Mwenye duka anayelalamika kuwa wateja wamepungua aanze kwa kutazama gari lililosimama mlangoni pake.

2. Wasimamizi wengi, mwenye jukumu hayupo

Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na halmashauri haiwezi kujipangia matumizi humo bila kibali. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na ukusanyaji wa ushuru wa maegesho ulihamia huko kutoka halmashauri. Makosa ya barabarani ni ya Polisi, kwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Leseni za daladala, bajaji na bodaboda ni za LATRA. Halmashauri imebaki na sheria ndogo, stendi na soko.

Kila taasisi ina sababu ya kutoza, lakini kuchora mistari na kusimika vibao kunasubiri bajeti ya mwenzake. Ndiyo maana dereva anakutana na mkusanya ushuru mwenye kimashine mahali ambapo hakuna kibao kinachomweleza kama hapo ni maegesho, ni saa ngapi hadi saa ngapi, na ni shilingi ngapi. Baadaye anaambiwa namba ya gari lake ina deni. Hasira yake ina msingi.

3. Adhabu isiyotatua tatizo

Kufunga gurudumu kwa chuma ni ubunifu wa Denver, Marekani, wa miaka ya 1950. Kunasaidia kumshika mdaiwa sugu. Lakini gari lililoziba njia likifungwa, njia inaendelea kuzibwa hadi mwenyewe alipe. Gari la namna hiyo liondolewe.

Tangu mwaka 1764 mwanafikra Cesare Beccaria alieleza kuwa kinachozuia kosa ni uhakika wa kushikwa kuliko ukali wa adhabu. Faini ndogo inayomfikia kila anayezidisha muda itafanya kazi kuliko faini kubwa inayompata mmoja kati ya wengi, tena baada ya majadiliano pembeni.

4. Tozo ni ya nini?

Mita ya kwanza ya maegesho ilisimikwa Oklahoma City, Julai 1935, kwa senti tano za dola kwa saa. Wafanyakazi wa katikati ya mji walikuwa wameshika nafasi kutwa na wateja wakakosa pa kusimama. Ni kero yetu hii hii, na tozo ililetwa ili magari yapishane.

Profesa Donald Shoup, mtafiti wa maegesho, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alishauri bei ipangwe ili takriban asilimia 85 ya nafasi ziwe zimejaa, yaani katika kila nafasi saba, moja iwe wazi. Alieleza pia mfano wa Old Pasadena, California, ambako mita ziliwekwa mwaka 1993 na mapato yakarudi kwenye mitaa hiyohiyo kwa njia za miguu, taa na usafi. Wafanyabiashara waliokuwa wakipinga waliunga mkono.

5. Mapendekezo

(a) Tuhesabu magari mtaa kwa mtaa, kila saa, siku ya gulio na siku ya kawaida, kwa kuandika namba za magari. Kalamu na daftari vinatosha.

(b) Mistari na vibao vitangulie tozo. Pasipo na kibao, pasitozwe.

(c) Mbele ya soko, benki na hospitali pawe na ukomo wa saa moja. Wenye maduka na watumishi wapangiwe maegesho ya kutwa mtaa wa nyuma.

(d) Kushusha mizigo kuishe kabla ya saa tatu asubuhi, na malori ya safari yapewe uwanja nje ya mji.

(e) Bodaboda watengewe vijiwe rasmi. Nafasi ya gari moja inabeba pikipiki tano.

(f) Mawe na matairi ya kushikia nafasi yaondolewe kila asubuhi, bila kuangalia ni ya nani.

(g) Halmashauri iitishe kikao cha pamoja na TANROADS, TARURA, Polisi na LATRA, na iombe sehemu ya ushuru irudi kwenye mtaa ulioutoa, kwa taarifa inayobandikwa sokoni.

Waheshimiwa madiwani, baadhi yetu tuna maduka katika mitaa hiyo. Pendekezo la (c) litatugusa sisi kwanza, na wananchi watayapima mapendekezo haya kwa kuangalia magari yetu yameegeshwa wapi.