Aliyeuguliwa



Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo nimekuwa nikiyawaza kwa muda mrefu: kufiwa na kuuguliwa. Mtu akifa, lugha haiishii kwa marehemu. Inamgeukia aliyebaki na kusema, huyu amefiwa. Na mtu akiugua ni vivyo hivyo. Tunasema fulani ameuguliwa na mama yake, fulani ameuguliwa na mumewe. Wazee waliotuachia maneno haya walijua kwamba ugonjwa ukiingia nyumbani huwapata wawili, anayelala kitandani na anayekaa pembeni ya kitanda.

Jambo la kufiwa tumeliwekea utaratibu. Hapa Kibiti msiba ukitokea asubuhi, kabla ya adhuhuri turubai limefungwa, majirani wameleta masufuria, vijana wako makaburini na majembe, mtu mmoja ameshika daftari la michango, na kina mama wamekwishagawana nani anachota maji na nani anapika. Mfiwa haendi jikoni. Jambo la kuuguliwa, kwa bahati mbaya, tumeliacha hivihivi. Mgonjwa anaweza kulala miezi minane ndani ya nyumba hiyohiyo, na kazi yote ile ikamwangukia mtu mmoja.

Nasema hivi kwa sababu nimeyaona kwetu. Mama yetu alipatwa na kiharusi akiwa kijijini, ndani ya delta ya mto Rufiji, ng'ambo ya Nyamisati. Upande wa kulia ukalala, maneno yakapotea. Aliporuhusiwa hospitalini akarudishwa nyumbani, na aliyemuuguza ni dada yangu. Hakuna kikao kilichomchagua. Alikuwa ameachika na amerudi kwa mama, na sisi wengine tulikuwa na kazi: mmoja Mbagala, mmoja Mafia, mimi hapa mjini Kibiti. Dada alikuwa na shamba la mpunga. Hilo hatukulihesabu kuwa kazi.

Kwa wasiofika kule, niwaeleze kidogo. Mto Rufiji kabla ya kuingia baharini, kuikabili Mafia, hugawanyika matawi mengi, na katikati ya matawi hayo kuna mikoko ambayo kwa ukubwa wake haina mfano katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Vijiji vimekaa humo ndani. Gari halifiki. Njia ni maji, na maji yana saa zake. Yakijaa, boti linakwenda mpaka Nyamisati, na kutoka hapo unatafuta usafiri wa kukufikisha Bungu kwenye lami. Yakipwa, boti linakaa topeni, na mgonjwa anasubiri. Dada aliniambia kwamba kifo chenyewe hakikumtisha sana. Alichokiogopa ni hali ya mama kubadilika saa nane usiku, maji yakiwa yamekupwa. Kwa hiyo alilala na hesabu ya mwezi kichwani: leo bamvua, baada ya wiki moja maji mafu, boti litaelea saa ngapi. Ule haukuwa usingizi. Yalikuwa mang'amung'amu.

Na mchana? Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, asije akachubuka akapata vidonda. Dada alikunja kanga akaiweka chini ya visigino, akaweka mto katikati ya magoti. Uji aliupika mzito kidogo, kwa sababu mwepesi ulimpalia mama. Alimwinua, akamnywesha kijiko kimoja, akangoja koo lipande na kushuka, ndipo akachota kijiko cha pili. Bakuli moja lilichukua karibu saa nzima. Haya yote alifundishwa na muuguzi kwa dakika chache siku ya kuruhusiwa, akiwa amesimama mlangoni na mizigo mikononi.

Sisi tulipiga simu. "Vipi hali ya mama?" "Anaendelea." Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo tukaandika pole, tukaandika Mwenyezi Mungu amjalie shifaa, tukatuma na viganja vya dua. Wengine wakatuma maagizo: mpeleke kwa mganga fulani, msimamishie dawa za hospitali, mpe majani haya. Mwenye kuuguza ndiye aliyebaki katikati ya ubishi wa watu ambao hawakuwahi kushika kile kijiko. Nimejaribu kukumbuka, na nasema kwa uchungu, ndani ya miezi hiyo sikumwuliza dada hata mara moja: wewe umelala?

Yeyote aliyelima mpunga Rufiji anajua dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Msimu wa mpunga familia huhamia huko, kulinda ndege mchana na nguruwe usiku. Wanapeana zamu. Hakuna mzazi anayemwacha kijana mmoja juu ya dungu mchana na usiku mpaka mavuno, maana akisinzia tu nguruwe wameingia. Kwa mpunga tunalijua hilo tangu utotoni. Dada alimlinda mama msimu mzima bila mtu wa kumpokea, na shamba lake mwaka ule likawa la ndege.

Kuna siku mhudumu wa afya ngazi ya jamii alipita nyumbani kumpima mama presha. Akamwona dada alivyo, akamwomba mkono naye. Presha ya dada ilikuwa juu kuliko ya mama. Akamwambia afike zahanati. Dada akajibu kwamba yake itashughulikiwa mama akipata nafuu. Siku nyingi alikuwa akiamka kifua kizito, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, chakula hakipiti. Watu wetu hawasemi wana msongo. Wanasema "nina mawazo", kisha wanameza kidonge cha kutuliza maumivu na kuendelea na kazi.

Na kuna hili, ambalo aliniambia mwaka mmoja baadaye, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri wizi. Usiku mmoja mama aliusukuma uji ukamwagika kwenye shuka aliyokuwa ametoka kuibadilisha. Dada akampigia kelele. Alimpigia kelele mama yake mzazi, asiyeweza kujibu. Kisha akatoka akaenda mpaka kwenye mikoko, akalia gizani. Alibeba siri hiyo akiamini amelaaniwa. Ningependa kila anayeuguza usiku huu anisikie hapa: hasira ile haina maana kwamba humpendi mgonjwa wako. Ni mwili ulionyimwa usingizi mpaka ukashindwa. Mtafute mtu mmoja umwambie kabla haijapita miezi.

Wengi wa huku mnawakumbuka wahoji wa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Tangu mwishoni mwa mwaka 1998, vijiji vingi vya ukanda huu wa Kibiti na Ikwiriri viliingizwa katika utafiti wa kuandikisha kila anayezaliwa, anayehama na anayefariki. Mtu akifa, mhoji alikuja baadaye akakaa na yule aliyemuuguza. Homa ilianza lini? Alikohoa? Alivimba? Alipumua vipi siku za mwisho? Kutokana na majibu hayo madaktari walipambanua chanzo cha kifo, maana wengi walifia nyumbani bila cheti cha daktari. Takwimu za Rufiji zikasomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Ndani ya takwimu hizo kuna akina dada, shangazi na wake waliokumbuka, miezi mingi baada ya mazishi, hata saa ambayo pumzi ilibadilika. Mtu hakumbuki hivyo bila kukesha. Walitoa ushahidi wa mwili wa mwingine kwa undani wote ule, na miili yao wenyewe haikuwa na wa kuisemea.

Hapa kwetu msaada kwa wanaouguza hauhitaji kusubiri jengo wala bajeti. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa na wagonjwa wengi na wataalamu wachache mno. Akawafundisha mabibi wa mtaani Mbare kukaa na watu kwenye benchi na kuwasikiliza kwa utaratibu. Washona wana neno lao la kufikiri kupita kiasi, na ukilifasiri unapata mawazo yaleyale tunayoyasema sisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi mabibi tunao, na baraza tunazo.

Ninachokiomba ni zamu. Ukoo unaokaa kikao kwa ajili ya harusi ukae kikao wiki ileile mgonjwa anaporudi nyumbani, na daftari liwepo kama la msibani. Iandikwe nani analala pale siku zipi, nani anafuata dawa, nani analinda shamba la anayeuguza. Achaguliwe mtu mmoja wa kupokea simu za ndugu, ili anayeuguza asisimulie ugonjwa uleule mara kumi kwa siku. Uliye Dar, ukishatuma fedha ya dawa, ongeza nauli ya basi na ya boti ya mtu wa kwenda kumpokea mwenzake kwa siku nne. Na tunaokwenda kumtazama mgonjwa, ambayo ni haki yake juu yetu, tusikae mpaka tupikiwe. Tuingie na chakula kilichoiva, tuombe dua, tufue kanga mbili tatu, tuondoke.

Nawe unayeuguza, pima presha yako siku ileile anayopimwa mgonjwa wako. Na kama unapata nafasi ya kulala na usingizi bado haufiki wiki baada ya wiki, au umeanza kutamani usingeamka, nenda zahanati ukaliseme hivyohivyo bila kulizungusha. Huo ni ugonjwa, na una tiba.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia majumbani Rufiji na Kibiti, wengi tulihesabu mashamba na nyumba. Mimi sikuacha kuwafikiria waliokuwa na mtu asiyeweza kunyanyuka kitandani, maji yakipanda, na mbebaji akiwa mmoja.

Mama alituondokea mwezi wa nane wa ugonjwa wake. Turubai likafungwa, boti zikaja zimejaa watu. Nikamwona dada ameketi mkekani, jirani akamwekea kikombe cha chai mbele yake. Akakitazama kwa muda. Baadaye aliniambia hakumbuki lini mara ya mwisho aliletewa chai.

Lakini alipumzika mara moja kabla ya siku ile, na nataka niiseme. Mwezi wa tano wa ugonjwa, mama yetu mdogo alikuja kutoka Mbwera bila kuitwa. Alishuka botini na kikapu, akaingia ndani, akanawa mikono, akamwambia dada, "Mwanangu, nipishe hapo." Akachukua bakuli na kijiko. Dada alijilaza chumba cha pili baada ya sala ya adhuhuri, akalala mpaka alfajiri ya siku ya pili. Alipofumbua macho, kabla hajainuka, aliuliza, "Maji yako wapi?"

Mama mdogo akajibu kutoka chumbani kwa mgonjwa, "Yamejaa. Na mama yako ameshakunywa uji."

Akageukia ukutani, akalala tena.