NOTI ZA KIGENI ZILIZOKAA SANDUKUNI

(Maneno ya hotuba kwa watu wa mashamba na wa miji)



Wazee walisema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa mambo mengi, lakini akiba ya noti za nchi nyingine huoza kimya kimya, wala mwenyewe hasikii harufu yake.

Mfano wake ni huu. Mjane mmoja wa karibu na Malaba alifungua sanduku la marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa lori, akipeleka mizigo toka Mombasa mpaka Kampala na Goma. Ndani yake mlikuwa na noti za zamani za Uganda, noti mbili za Zaire, kila moja ya zaire 5,000,000, na noti moja ya maki 100 ya Ujerumani. Wanawe walipoona milioni kumi walishangilia, na kila mmoja akaanza kuhesabu fungu lake. Kisha akaja mgeni aliyevaa vizuri, akasema ataibadili fedha hiyo Nairobi, ila kwanza apewe ada ya shilingi 30,000. Mjane akaanza kutafuta mtu wa kununua ng'ombe wake wa maziwa.

Kabla ng'ombe hajatoka zizini, yapasa jambo moja lifahamike. Noti ni karatasi tu; thamani yake ni ahadi ya banki kuu iliyoitoa. Sheria ya nchi ile ikiisha kuiondoa ahadi hiyo, noti hufa, hata ikiwa safi kama siku ilipotoka mtamboni. Wala wingi wa sifuri si wingi wa mali. Mara nyingi ni dalili ya fedha iliyoanguka.

Zitazamwe noti za Zaire. Januari 1993 askari walilipwa mishahara kwa noti hizo za milioni tano, wafanya biashara wakakataa kuzipokea, na ghasia kubwa zikatokea Kinshasa. Mwaka ule ule ilitolewa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Kwa hesabu hiyo, noti 60,000 za milioni tano zingehitajiwa ili kupata faranga moja, na muda wa kuzibadili ulikwisha zamani.

Za Uganda nazo zina habari yao. Mwezi wa Mei 1987 shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi 1 mpya, na katika kila mia moja Serikali ilikata thelathini. Aliyeleta shilingi 10,000 aliondoka na shilingi 70. Asiyeleta kitu siku zile alibaki na karatasi.

Lakini noti ya Ujerumani, ambayo watoto waliitupa kando kwa sababu ina sifuri mbili tu, ingali hai. Maki iliacha kutumika sokoni ilipoingia yuro, lakini Banki Kuu ya Ujerumani hubadili maki zilizotolewa tangu 1948 bila kuweka siku ya mwisho, kwa kiasi cha maki 1.95583 kwa yuro moja. Maki 100 ni yuro 51 na senti 13. Banki Kuu ya Uingereza nayo hulipa noti zake za zamani siku zote. Ufaransa haifanyi hivyo. Muda wa kubadili faranga zake ulikwisha Februari 2012.

Basi, mwenye noti za namna hii na asome jina la banki, mwaka, na kiasi, ayaandike, kisha aulize katika banki inayojulikana. Akiambiwa kwamba pale hawapokei noti za zamani, hiyo si hakika ya kwamba zimekufa. Aulize habari za banki kuu ya nchi iliyozitoa. Tena apime gharama ya kuzipeleka, kwa maana noti ndogo moja yaweza kumezwa na nauli ya posta.

Zilizokufa zisichomwe upesi. Noti ya Zimbabwe ya dola trilioni 100 ilipoondolewa mwaka 2015 ililipwa senti 40 za Marekani, lakini wakusanyaji wa noti wameinunua kwa bei kubwa kuliko hiyo. Si kila noti hupata bahati hiyo, lakini noti isifuliwe, isipigwe pasi, wala isigandishwe kwa gundi. Iwekwe ndani ya bahasha, mbali na unyevu na mchwa. Isiyo na mnunuzi yaweza kupewa shule, ili watoto wajifunze jinsi fedha inavyoanguka.

Na yeyote atakaye ada kwanza ili abadili noti za zamani, asipewe hata senti moja.

Mjane yule alikwenda kuuliza banki siku ya soko. Mgeni aliposikia hayo hakuonekana tena. Noti ya maki imewekwa mpaka apatikane jamaa mwaminifu wa kuipeleka Ujerumani. Zile za Zaire ziko mikononi mwa mwalimu wa hesabu. Na ng'ombe yumo zizini, anakamuliwa asubuhi na jioni.