Mtoto, Mchezo na Maji ya Kijani: Utafiti Uanzie Mwaloni



Anayetafiti michezo ya watoto wa elimu ya awali hukaa na walimu. Anayetafiti mwani katika maji ya kunywa hukaa na mamlaka za maji. Mada hii inaomba wakutane, maana kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Bukoba hadi visiwa vya Muleba, wote wawili wanamchunguza mtoto yule yule.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa angalau mwaka mmoja. Programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, iliweka ujifunzaji, afya, lishe, malezi na usalama wa mtoto katika mpango mmoja. Kwa hiyo kibali cha kufanya kazi pamoja tunacho tayari.

Mtazameni mtoto wa miaka minne mwaloni. Ana kopo, visoda na chupa iliyokatwa. Anamimina, anajaza, anagundua kwamba kopo moja linajaza visoda vingi. Hiyo ni hesabu, tena hesabu nzuri. Kisha yeye na wenzake wanaanza kupikapika: mchanga ni wali, maji ya ziwa ni chai. Na chai hiyo hunywewa kweli. Mwalimu anaona ubunifu, mzazi anaona utundu. Mtafiti wa maji angepaswa kuona kipimo cha sumu kwenye mwili mdogo, lakini mara nyingi hayupo pale.

Utando wa kijani unaoelea ziwani, tunaouita mwani, kwa kweli ni bakteria. Hustawi palipo na joto, maji yaliyotulia na mbolea nyingi, na ziwa letu limelishwa fosforasi na naitrojeni kwa miongo mingi kutoka mashambani, mijini na kwenye misitu iliyokatwa. Jamii ya Microcystis hutoa sumu inayoshambulia ini. Sumu hiyo imeshapimwa katika Ghuba ya Mwanza. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa anayekunywa maji hayo maisha yake yote, na 12 kwa muda mfupi; lakini linashauri kwamba kiwango kikizidi 3, watoto wachanga wanaonyweshwa kwa chupa na watoto wadogo watafutiwe maji mengine. Mwili mdogo hauhimili.

Hapa ndipo sampuli zetu zinapotudanganya. Boti huchota maji mbali na nchi kavu, ilhali upepo husukuma utando hadi kwenye vighuba vilivyotulia, na pale ufukweni sumu inaweza kuwa maelfu ya mara zaidi. Ndipo ndoo inapochotwa, ndipo kisoda kinapojazwa. Baadaye mtoto akitapika na kuharisha, daftari la zahanati huandika kuhara tu. Rangi ya maji haiulizwi.

Tumewafundisha wazazi kuchemsha maji, na tuendelee, kwa sababu kipindupindu hakijaisha. Ila sumu hii haiharibiki kwa kuchemshwa. Kupasua seli kwa moto au kwa klorini kidogo huiachia ndani ya maji, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa ndani ya seli zikiwa hai. Bora kwanza kuepuka maji yenye utando na kuchuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Hata hivyo kuchuja hakutoshi pale maji yamekuwa kijani kibichi.

Maji mbadala yapo: Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ni aibu darasa la awali lenye paa la bati liendelee kutegemea maji ya ufukweni. Mfereji wa bati, tangi lenye mfuniko na kumwaga maji ya kwanza yanayosafisha paa: mafundi wetu wanaijua kazi hii.

Simwombi mwalimu azuie michezo ya maji. Aihamishe: beseni la maji ya mvua uani lifundishe kumimina na kupima kama ziwa linavyofundisha. Nanyi watafiti wa maji, chukueni sampuli zenu kwenye maji yanayomfika mtoto magotini, saa anazocheza, mwalimu wake akiwa pembeni akiandika anachofanya.