Picha Zetu Zisipotee Njiani: Kuchagua Rida Salama ya Memori Kadi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Ozi

Leo sikuja kutangaza mradi. Nimekuja kuzungumza juu ya kifaa kidogo ambacho wengi hawakijali: kile tunachotia memori kadi ya kamera ili picha ziingie kwenye kompyuta. Vijana wanakiita rida, nami nitakiita hivyo hivyo.

Hapa Ozi picha ni ushahidi. Maji ya chumvi yakipanda mtoni kutoka baharini yakaunguza mpunga, au Tana ikifurika ikafunika mashamba, picha yenye tarehe humsemea mkulima ofisini. Hasara isiyo na picha ni rahisi kutiliwa shaka.

Nitakiri kosa langu. Wakati wa mafuriko ya Novemba 2023 nilishinda nikipiga picha za mashamba yaliyozama. Jioni nikaazima rida ya zamani. Kompyuta ikaandika kwamba kadi haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe. Nilikuwa na haraka, nikakubali. Kesho yake nikairudisha kadi ile ile kwenye kamera, nikaendelea kupiga. Picha za siku ya kwanza hazikupatikana tena. Mama mmoja aliponiuliza picha ya shamba lake, nilikosa la kumwambia.

Kadi yangu haikuwa mbovu. Ilikuwa ya gigabaiti 64, na rida ile ilitengenezwa kwa kadi zisizozidi gigabaiti 32. Haikuielewa, basi kompyuta ikadhani ni tupu.

Kwa hivyo mkienda dukani, Garsen au Malindi, angalieni mambo manne.

Kwanza, maandishi. Kadi ya kamera inayozidi gigabaiti 32 huwa imeandikwa SDXC. Hakikisheni rida nayo inakubali SDXC.

Pili, aina ya kadi. Kadi za kasi huwa na namba ya Kirumi, I au II. Yenye I hufikia megabaiti 104 kwa sekunde. Yenye II ina safu mbili za vijibati vya dhahabu nyuma na inaweza kufikia 312. Kadi ya II itasomeka kwenye rida ya I, ila kwa mwendo wa I. Haiharibiki, lakini utakuwa umelipia kasi usiyoitumia.

Tatu, USB. Gigabaiti 64 zikisomwa kwa megabaiti 30 kila sekunde, kama ilivyo kwa rida nyingi za USB 2.0, zitachukua zaidi ya nusu saa. Rida ya USB 3.0, ikisoma megabaiti 90 kwa sekunde, itamaliza kwa dakika 12 hivi. Tundu la kompyuta nalo liwe la USB 3.0. Kwa anayetegemea betri, tofauti hiyo ni kubwa: kompyuta ikizimika katikati, kazi inaharibika.

Nne, umbo lenyewe. Kadi iingie bila kulazimishwa na isilegee. Chunguzeni vijibati vya ndani visiwe vimepinda au kushika kutu. Hewa yetu ni ya chumvi, basi wekeni rida kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko. Joto kidogo ni la kawaida. Ikichoma kidole, iacheni. Dai risiti, na uijaribu kwanza kwa kadi isiyo na picha za maana.

Ukishaipata, itumie kwa utaratibu. Kadi kubwa ina kifungio kidogo ubavuni. Kisukume kwenye upande wa kufunga kabla ya kuitia kwenye rida, ili kompyuta isiweze kuandika wala kufuta kitu. Kompyuta ikitaka kufomati, kataa, kisha jaribu rida nyingine. Usichomoe kadi kabla kompyuta haijakuruhusu. Weka nakala mahali pawili, fungua picha kadhaa uone kama ni nzima, ndipo ufute kadi, na uifutie ndani ya kamera.

Na picha zikipotea, acha kuitumia kadi hiyo papo hapo. Mara nyingi bado zimo, na fundi mwenye programu ya kurejesha anaweza kuzipata. Kinachozimaliza ni kupiga nyingine juu yake, kama nilivyofanya mimi.

Ndugu zangu, shamba hulimwa tena msimu ujao. Mafuriko ya siku ile hayapigwi picha mara ya pili.

Sasa leteni kadi na rida zenu hapa mezani tuzitazame pamoja.