Mgonjwa ni Shahidi: Swali la Kuuliza Mlangoni mwa Zahanati



Desturi ya mhadhara wa uprofesa ni mtu kueleza taaluma yake imefika wapi. Taaluma yangu ni kupima ubora wa huduma za afya ya msingi, na jioni hii nina hoja moja tu. Mgonjwa anapotoka kwa tabibu huwa tunamuuliza kama ameridhika. Ingefaa tumuulize amefanyiwa nini.

Mwaka 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata kutangaza kuwa afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia wote, Tanzania ilikuwa imekwisha kuanza kujenga zahanati na vituo vya afya vijijini kufuatia Azimio la Arusha. Mwaka 2007 Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ukaweka lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo hilo halijatimia kote, lakini majengo yameongezeka sana. Jengo huhesabika, tena huzinduliwa kwa utepe na mkasi. Yanayopita kati ya mgonjwa na tabibu chumbani hayana wa kuyazindua, na kwa muda mrefu hayakuwa na wa kuyahesabu.

Safari yenyewe mnaijua. Mama anafika asubuhi, mtoto mgongoni ana homa. Anaweka daftari lake mapokezi, mengine yanapangwa juu yake. Muuguzi anayepima uzito ndiye huyohuyo achomaye chanjo, na leba ikiita ndiye atakayekimbia. Zamu ya mama inafika.

“Shikamoo, daktari.”

“Marahaba. Mtoto ana nini?”

“Homa.”

“Nenda maabara.”

Anapanga foleni ya kipimo cha malaria, kisha ya kurudisha majibu, kisha ya dirisha la dawa, ambako huenda akaambiwa dawa moja ipo na nyingine akanunue dukani. Getini anakutana na mtafiti mwenye fomu. “Mama, umeridhika na huduma?” Naye anajibu, “Tunashukuru, mwanangu.” Mtafiti anaweka alama ya vema.

Mama huyo ana sababu zake. Zahanati ni hiyo moja, na wiki ijayo atairudia. Muuguzi huenda ni jirani yake. Tena leo ametoka na dawa mkononi, na anazikumbuka siku alizotoka mikono mitupu. Sanduku la maoni lipo ukutani, lakini nimeona masanduku ambayo ufunguo wake anao yuleyule ambaye wagonjwa wangependa kumlalamikia.

Sasa tumuulize maswali mengine. Tabibu aliuliza homa ilianza lini? Aliuliza kama mtoto ananyonya, kama anatapika kila anachopewa, kama amepata degedege? Alimfunua kifua akahesabu pumzi zake kwa dakika nzima? Alikueleza mtoto anaumwa nini, na dalili zipi zikitokea urudi haraka?

Maswali haya nimeyatoa katika mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ambao Tanzania imekuwa ikiutumia tangu miaka ya 1990. Mwongozo huo unasema mtoto wa kati ya miezi 2 na 12 mwenye kikohozi akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, huyo anapumua haraka na yafaa ashukiwe nimonia. Akitimiza mwaka, mpaka unashuka hadi 40. Wenzangu huniambia kuwa mgonjwa hajui tiba. Ni kweli, mama hajui 50 ina maana gani. Lakini anajua kabisa kama shati la mwanawe lilifunuliwa au halikufunuliwa.

Ushahidi wa aina hiyo umekwisha kutumika hapa kwetu. Mkoani Arusha, watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliwauliza wagonjwa waliotoka kwa matabibu ni yapi waliyoulizwa, kupimwa na kuelezwa. Waliwauliza waliotibiwa kabla mtafiti hajaingia chumbani, na waliotibiwa mtafiti akiwa ameketi humo. Mtafiti alipoingia, huduma ilipanda ghafla. Kadiri tabibu alivyomzoea, ilishuka hadi pale ilipokuwa. Ni kama mwalimu siku ya mkaguzi.

Matokeo haya, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalinibadilisha fikra. Tabibu yule hakupata semina yoyote kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, wala hakuongezewa kifaa. Maarifa alikuwa nayo. Alichopata ni mtu wa kumwona akifanya kazi. Tukiona huduma mbaya, sisi wa vyuo hukimbilia kuandaa mafunzo. Arusha inatuonyesha kuwa sehemu ya tatizo haiko katika ujuzi, na mafunzo hayataigusa.

Wapo watakaosema muda hautoshi. Uchambuzi wa nchi 67 uliotolewa mwaka 2017 ulikuta wastani wa muda wa mgonjwa kwa daktari wa huduma ya msingi ukianzia sekunde 48 Bangladesh hadi dakika 22 na nusu Sweden. Lakini kumsikiliza mtu hakuli muda kama tunavyodhani. Mwaka 1984 watafiti Beckman na Frankel walionyesha kuwa madaktari wa Marekani walimkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Huko Basel, Uswisi, madaktari walipoombwa wanyamaze hadi mgonjwa amalize maelezo yake ya mwanzo, wastani ulikuwa sekunde 92, kama ulivyochapishwa mwaka 2002.

Napendekeza hivi. Kila robo mwaka, wagonjwa wachache wa kila kituo waulizwe maswali matano ya mambo yaliyofanyika. Anayeuliza asiwe mtumishi wa kituo. Wanafunzi wetu walio katika mafunzo kwa vitendo wanaweza kazi hiyo. Majibu, bila jina la mgonjwa wala la mtumishi, yapelekwe kwa mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi ya kituo, kisha yasomwe katika mkutano wa kijiji.

Hayo hayatamaliza uhaba wa watumishi. Tabibu mmoja mwenye wagonjwa 60 akimpa kila mmoja dakika 10 atahitaji saa 10 bila kuinuka kitini. Hapo ndipo majibu ya wagonjwa yatakapomsaidia yeye pia. Kituo chenye wagonjwa wachache ambacho bado hakihesabu pumzi, mganga mfawidhi atoe maelezo. Kituo kilichoelemewa, maelezo atoe mwajiri, nayo Halmashauri ipeleke maombi ya watumishi ikiwa na ushahidi mkononi. Leo kesi hizi mbili zimefunikwa na neno moja, “wameridhika”, na hakuna anayeweza kuwajibishwa kwalo.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa nne wataanza kuuliza maswali hayo muhula ujao. Nawaomba viongozi wa wilaya mliopo hapa mtufungulie milango ya vituo vyenu.