Almasi ya Kongo na Cheti Chake

Mnunuzi wa almasi huuliza kwanza uzito, rangi na bei. Jiwe limetoka wapi, hilo huulizwa mwisho, kama likiulizwa.

Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo yakiwa marafiki, yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji wenye soko kubwa la almasi. Raia kwa mamia waliuawa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 60 ni za mali asili.

Tangu 2003, chini ya Mpango wa Kimberley, almasi ghafi haivuki mpaka kihalali bila kasha lililofungwa na cheti cha serikali. Ni jambo jema. Lakini Mpango huo unakataza almasi zinazogharimia vita vya waasi tu. Majeshi ya serikali, kama yale ya Kisangani, hayakutajwa! Tena jiwe likishakatwa na kung'arishwa, cheti hicho hakilifuati. Basi mnunuzi amdai muuzaji maelezo ya maandishi juu ya asili ya jiwe. Na askari wa mpakani akikuta almasi ghafi mfukoni mwa msafiri bila cheti, hata ikiwa moja, ajue ameshika magendo.